Joto la Nini? Safari ya Kutoka Mkomani Kwenda Mkomani

Katika mwambao wa Kenya ziko Mkomani mbili. Ya kwanza iko upande wa bara ya kaskazini ya Mombasa, ng'ambo ya daraja la Nyali, jirani na soko la Kongowea. Hiyo ndiyo kwetu. Ya pili iko katika mji wa Lamu, nayo pamoja na Langoni ndizo nusu mbili za mji mkongwe ulioingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Majina yote mawili yamebeba mti mmoja, mkoma, ambao makuti yake machanga hutoa miyaa ya kusukia mikeka, makawa na mapepeo. Mti mmoja huo humpa mtu mahali pa kukalia, kifuniko cha chakula chake na hewa ya kumpoza.

Mama alizaliwa Mkomani ya Lamu akaolewa Mkomani ya Mombasa. Anaposema kuwa anakwenda kwao Mkomani, hana budi kufafanua ni Mkomani ipi. Hata hivyo, kwa muda wa miaka minne ufafanuzi huo haukuhitajika, kwa sababu hakwenda. Dada yake mkubwa, ambaye miguu haimruhusu tena kusafiri, alibaki kuwa sauti ya simu. Insha hii ni maelezo ya jinsi tulivyomfikisha Mama kwa dada yake, na ya vitu viwili vilivyotushughulisha kuliko safari yenyewe: kipimajoto cha kutia katika gari la kulala, na turubai ya kulifanyia gari hilo kivuli pamoja na vikorokoro vyake. Huenda msomaji wa jarida hili akauliza turubai na vigingi vina uhusiano gani na taaluma ya Kiswahili. Namwomba subira, kwani swali ambalo liliokoa dawa ya Mama lilikuwa, kwa hakika, swali la sarufi.

Mama ana kisukari, naye hujidunga insulini asubuhi na jioni. Insulini ni dawa yenye tabia ya mgeni mwenye heshima zake: haitaki baridi kali wala joto kali. Chupa ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa katika jokofu, kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, wala haifai kugandishwa. Ikishafunguliwa, aina nyingi huweza kukaa nje ya jokofu kwa takribani siku 28, mradi joto lisipite nyuzi 25 au 30 kwa kutegemea maelekezo ya mtengenezaji. Ikumbukwe kwamba Mombasa, mwezi wa Machi, joto la mchana kivulini hufikia nyuzi 32 au 33. Gari lililofungwa na kuachwa juani nalo huweza kupanda kwa nyuzi 20 au zaidi juu ya joto la nje, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo hutokea katika dakika 30 za kwanza, yaani muda wa mtu kushuka, kuswali na kunywa chai.

Mara ya mwisho kwenda Lamu, Mama alisafiri kwa basi. Chupa ilikuwa katika mkoba, na mkoba ulikuwa juu ya rafu, karibu na kioo kilichokabiliana na jua. Alipofika, sukari yake ilipanda kwa siku tatu mfululizo ilhali hakukosa hata sindano moja. Je, dawa ilikuwa imeharibika? Yamkini. Yamkini pia ulikuwa uchovu wa njiani, au sahani za ukarimu ambazo mgeni wa Lamu hawezi kuzikataa bila ya kuvunja nyoyo za watu. Hakuna aliyeweza kuthibitisha lolote, kwa kuwa hapakuwa na aliyepima. Ubaya wa dawa iliyounguzwa na joto ni kwamba aghalabu haina rangi wala harufu ya kuisaliti. Huweza kubaki angavu vilevile ndani ya chupa, huku nguvu zake zimekwisha. Tangu safari hiyo Mama akasema hatakwenda tena kwa chombo kinachosimama pale ambapo dereva anataka, si pale ambapo yeye ana haja.

Ndipo kaka yangu alipoleta rai ya gari. Alikuwa na Toyota HiAce kuukuu ambayo zamani ilibeba watalii. Aliondoa viti vya nyuma, akaweka kitanda cha mbao chenye godoro jembamba, kijimeza, ndoo ya maji na pazia. Wazungu wanaozunguka Afrika kwa magari ya namna hii tumewazoea Pwani. Huonekana wameegesha Tiwi au Malindi, wametandaza turubai ubavuni mwa gari na kukaa chini yake kama waliokaa barazani. Kwao ni starehe. Kwetu sisi ilikuwa njia ya kumwezesha mwanamke wa makamo yake kulala anapochoka, kula kwa wakati wake na kujidunga sindano faraghani pasipo kutazamwa na abiria wenzake. Hata hivyo, gari ni chuma, na chuma juani ni tanuri. Kabla ya kumtia Mama ndani yake, tulipaswa kujua litakuwa na joto kiasi gani, na tungelipunguzaje.

Nilikwenda duka la dawa kununua kipimajoto. Muuzaji, kijana mpole, hakuinuka kwenda rafuni. Aliniuliza kwanza:

"Joto la nini, dada?"

Nilisimama kidogo pale kaunta nikilitafakari swali lake, maana lilikuwa swali ambalo mwanafunzi wa lugha angepaswa kuulizwa darasani. Katika Kiswahili, joto ni la hewa, ni la mwili wa mwenye homa, ni la pasi, ni la chai, na katika fasihi huwa hata la hasira na la siasa. Tunayo maneno mengine yanayokaribiana nalo: hari, fukuto, uvuguvugu. Kila moja lina mahali pake. Mtu wa Pwani akisema leo kuna fukuto, hasemi kuhusu ukubwa wa joto peke yake, bali kuhusu hewa iliyosimama na jasho lisilokauka. Siku nyingine yenye nyuzi zilezile lakini yenye upepo hataiita hivyo. Lakini tulipokiundia jina chombo cha kupimia, tulilichukua neno lililo pana kuliko yote.

Neno kipimajoto limeundwa kwa utaratibu ambao wanafunzi wa mofolojia wanaufahamu vyema: kiambishi ki- cha kifaa, kitenzi pima na nomino joto. Tuna kipimapembe na kipimahewa kwa mtindo huohuo. Wapo wanaopendelea neno la kutohoa, themometa, na katika vikao vya istilahi mjadala baina ya kambi hizi mbili umechosha wengi. Wanaounda husema neno lao linajieleza lenyewe. Wanaotohoa husema neno lao linaeleweka kokote. Swali la muuzaji wangu halikujibiwa na kambi yoyote. Kipimajoto hutwambia kuwa kinachopimwa ni joto, lakini kinaficha mwenye joto hilo. Katika sentensi kamili sarufi isingeturuhusu kuficha hivyo: joto ni sifa ya kitu, nayo husubiri a-unganifu na nomino ifuatayo, joto la kitu fulani. Themometa nayo ni vivyo hivyo. Kigiriki kilichomo ndani yake hakisemi zaidi ya joto na kipimo. Kasoro hiyo basi si ya Kiswahili, ni ya kila jina la chombo linalomfanya mnunuzi adhani kuwa ameshasema yote.

Nikamjibu, "La dawa, ikiwa ndani ya gari." Akatikisa kichwa, akaeleza kuwa vipimajoto alivyokuwa navyo vyote ni vya homa. Kipimajoto cha homa kina vipimo vinavyoanza karibu na nyuzi 35 na kukoma karibu na 42, kwa sababu mwanadamu aliye hai hana haja ya zaidi ya hapo. Kwa dawa inayopaswa kukaa chini ya nyuzi 30, chombo hicho ni kipofu: kitaanza kuona wakati maafa yameshatokea.

Nje ya duka hilo, katika maduka ya vyombo na ya vifaa vya umeme, aina nyingine zilikuwepo, na kila moja ilikuwa na jibu lake kwa swali la joto la nini. Kile cha ukutani, chenye kijiti cha kioo na kioevu chekundu, hupima hewa ya mahali kilipotundikwa. Ni rahisi, hakihitaji betri, lakini hakikumbuki kitu. Ukirudi garini jioni hukwambia habari za jioni, na ya adhuhuri hayajui. Kile cha mfano wa bastola, kilichopata umaarufu milangoni mwa benki na misikiti wakati wa Uviko-19 mwaka 2020, hupima uso wa kitu tu kwa kusoma mionzi inayotoka juu yake. Hewa hakiioni, na uso unaong'aa hukidanganya. Vya zebaki hatukutaka hata kuviuliza. Kioo kikivunjika ndani ya gari linalotikisika, zebaki hutawanyika kama shanga, huingia nyufani na kutoa mvuke wenye sumu. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliuweka mwaka 2020 kuwa kikomo cha utengenezaji na biashara ya kimataifa ya vipimajoto vya kawaida vya aina hiyo.

Tulichochagua ni kipimajoto cha dijitali chenye waya mwembamba, na mwishoni mwa waya kichwa kidogo cha chuma. Kioo cha namba hukaa ukutani, na kichwa hukaa pale unapotaka kujua. Ubora wake mwingine ni kumbukumbu: huhifadhi joto la juu kabisa na la chini kabisa lililopita tangu kilipofutwa. Wazo hilo si jipya. Mwingereza James Six alibuni kipimajoto cha namna hiyo katika karne ya 18, kikiwa na vijiti viwili vya alama vinavyosukumwa na kuachwa pale kioevu kilipofikia. Kwa dawa isiyoonyesha kidonda chake, chombo chenye kumbukumbu ndicho shahidi pekee.

Kabla ya kukiamini tulikijaribu. Njia ni nyepesi: jaza bilauri barafu iliyopondwa, ongeza maji safi kidogo mpaka barafu ilowe, koroga, tumbukiza kichwa cha chuma pasipo kugusa kioo, subiri dakika chache. Kipimajoto cha haki kitasoma sifuri au karibu nayo. Kikizidi kwa nyuzi mbili, ama kirudishwe dukani ama mwenyewe akumbuke daima kutoa mbili. Tulihakikisha pia kwamba kimewekwa kwenye Selsiasi, si Farenhaiti.

Kisha tukaliacha gari uani kwetu Mkomani kwa siku tatu. Likiwa juani na vioo vimefungwa, kufikia saa saba mchana kipimajoto kilikuwa kimepita nyuzi 40. Mama, aliyelelewa katika nyumba yenye mtungi, alipendekeza chupa iwekwe katika kijungu cha udongo kilichozungukwa na mchanga mbichi. Tulipima. Kijungu kilishusha joto kwa nyuzi chache tu, kwa kuwa mtungi hupoza maji yanapokauka juu ya uso wake, na hewa yetu ya Pwani imeshajaa unyevu, haina haraka ya kukausha kitu. Nilidhani Mama angechukia. Alitazama namba, akasema, "Basi mtungi tutautia mai ya kunwa." Akaridhia kasha la plastiki lenye kuta nene na vifurushi vya barafu, na chupa ikafungwa katika taulo ili isiguse barafu. Humo kichwa cha chuma kikakaa kando ya chupa. Hilo ndilo lililokuwa jibu letu kamili la swali la dukani: joto la dawa, si la gari, wala si la hewa.

Joto tuliweza kulipima. Kivuli kilitaka kushonwa. Kaka alikuwa amenunua turubai ya mitumba kutoka kwa msafiri mmoja aliyekuwa akimaliza safari yake, imekunjwa ndani ya mfuko mrefu wa kufungwa juu ya gari. Ilikuwa nzuri machoni. Tulimpelekea mjomba, ambaye alikuwa fundi wa matanga Lamu kabla ya kuhamia Kongowea na kugeuka fundi wa turubai za malori. Aliifungua, akaizunguka, akasema: "Hii ni ya mkono wa kulia." Alikuwa amesema kweli. Katika nchi nyingi za bara la Ulaya magari huendeshwa upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo mlango wa abiria na kivuli chake huwa kulia, mbali na magari yanayopita. Kenya tunaendesha kushoto, na mlango wa HiAce yetu uko kushoto. Turubai ile ingefunguka kuelekea barabarani, na Mama angekalia njia ya malori.

Mjomba hakuiita turubai. Aliita upenu. Neno hilo tunalijua sote kutoka katika nyumba za Pwani: ile sehemu ya paa inayotoka nje ya ukuta na kumkinga mtu aliyeketi chini yake. Nilipomuuliza kuhusu chandarua, alicheka. Alisema chandarua siku hizi ni cha mbu, lakini katika ujana wake lilikuwa jina la kitambaa chochote kilichotandazwa juu ya watu kuwakinga na jua, chomboni au uani. Na kamusi za kale zinakubaliana naye. Kwa hakika nilikuwa nimekwisha kuandaa daftarini orodha ya maneno ya kubuni kwa ajili ya vifaa vile. Orodha hiyo haikutumika. Kwa kila kitu nilichokionyesha, fundi alikuwa na neno, na neno lake lilikuja pamoja na sababu.

Nguo ya upenu aliichagua ya hema, si ile ya plastiki. Plastiki ni nyepesi na rahisi, lakini hupiga kelele kwenye upepo, huchanika matunduni, na jua huifanya kuwa brashi ya nyuzi kabla ya muda mrefu. Ya hema ni nzito, na sharti ianikwe kabla ya kukunjwa, la sivyo huota koga. Rangi yake ilikuwa ya mchanga, maana nguo nyeusi hunywa jua na kulirudisha chini kwa aliyeketi. Aliacha nafasi ya kiganja kati ya upenu na paa la gari ili hewa ipite. Kivuli kilichobanwa na chuma, alisema, ni blanketi. Pete za matundu zilikuwa za shaba, na kulabu za kushikia kwenye keria zilikuwa za chuma kisichoshika kutu, kwa sababu hewa ya bahari haina huruma na chuma cha kawaida.

Nguzo mbili za mbele zilikuwa za alumini, zinazovutwa na kurefuka. Kaka alipendekeza pau za mkoko, lakini pau ni nzito, na urefu wake haubadiliki. Uwezo wa kurefuka ulikuwa na maana: mjomba alitaka pembe moja ya upenu iwe chini kuliko nyingine daima, ili mvua ikinyesha maji yashuke upande mmoja. Upenu ulio sawasawa hukusanya maji tumboni, na tumbo likijaa hupasua mshono au huvunja nguzo.

Jambo lililomshughulisha zaidi lilikuwa upepo. Kwa fundi wa matanga, kila nguo iliyofungwa pembe nne ni tanga lisilo na nahodha. Kusi ikiingia chini ya upenu, itaubeba pamoja na nguzo zake. Kamba za pembeni aliziita demani, kama ile kamba inayozuia pembe ya tanga, na akanikumbusha kwamba demani ni jina la majira pia, yale yanayofuata kusi inapolegea. Katika kila demani alikatiza kipande cha blada ya baiskeli. Kamba tupu ikipigwa na upepo wa ghafla hung'oa kigingi. Ile yenye mpira huvutika, kisha hurudi. Vigingi vya mchangani navyo si vya udongo mgumu. Kigingi kifupi cha chuma chembamba kinachoshika vizuri Nairobi hutoka katika mchanga wa Malindi kama kijiti katika uji. Alitupa virefu vyenye ubapa, vya kupigwa kwa mlalo, kichwa kikiwa mbali na upenu. Kwa mchanga mwepesi kabisa alitufundisha kujaza kiroba, kukifunga kamba katikati na kukizika.

Isitoshe, alitwambia namna ya kuegesha. Gari linalokwenda Lamu huelekea kaskazini, hivyo ubavu wake wa kushoto, wenye mlango na upenu, huelekea magharibi. Mtu akisimama alasiri bila ya kuligeuza, jua huingia chini ya upenu moja kwa moja na kazi yote ya fundi huwa bure. Sharti gari lizungushwe lielekee kusini: hapo mlango huwa mashariki, mwili wa gari wenyewe huongeza kivuli, na pua yake huukata upepo wa kusi. Ni maarifa ya bure, hayauzwi pamoja na turubai yoyote.

Tuliondoka katika Mfungo Sita, ambao mwaka 2025 uliingia mwishoni mwa Agosti, ili Mama ayapate Maulidi ya Lamu. Tulilala Malindi, takribani kilomita 120 kutoka Mombasa. Kati ya Malindi na Mokowe hatukupanga kulala popote, maana kwa sababu za kiusalama kipande hicho husafiriwa mchana. Adhuhuri tulisimama Garsen. Kaka aligeuza gari, tukatandaza upenu, Mama akala chini yake na kuswali, akavuta pazia akapumzika. Kipimajoto tulikitazama kabla ya kuondoka: ndani ya kasha, joto la juu kabisa tangu alfajiri lilikuwa nyuzi 24. Mama hakusema kitu. Alichukua kalamu yangu akaiandika namba hiyo nyuma ya kitabu chake cha kliniki, kwa tarehe.

Mokowe gari liliachwa, kwa kuwa mji wa Lamu hauingiliki kwa gari; vichochoro vyake ni vya watu na punda. Upenu ulibaki juu ya keria. Kasha, pamoja na kipimajoto chake, lilivuka kwa mashua likiwa mapajani mwa Mama. Juu ya abiria palikuwa na nguo iliyotandazwa kwa kamba nne. Mama aliinua macho akaniuliza kama bado nimeandika kuwa chandarua ni cha mbu. Wiki mbili alizokaa kwa dada yake sukari yake haikupanda kama ile mara ya kwanza. Sisemi kwamba kipimajoto kilimtibu. Nasema kwamba safari hii tulijua dawa yake ilipitia nini, na kama sukari ingepanda tungelitafuta kosa mahali pengine.

Natoa ushuhuda huu kwa wanafunzi wenzangu kwa sababu wengi wetu tutaketi siku moja katika kamati za istilahi, au tutatafsiri maandishi yanayofungwa pamoja na dawa na vyombo. Tumezoea kuuliza kama neno ni la kuundwa au la kutoholewa, kama ni fupi, kama linatamkika. Ni maswali halali. Lakini katika karatasi ya dawa, neno joto likiachwa bila ya a-unganifu yake, mgonjwa atapima hewa ya chumba na kuamini kuwa amepima chupa. Karatasi inayosema "hifadhi mahali pasipo na joto" haijamwambia mtu wa Mombasa lolote, kwa kuwa hana mahali kama hapo. Inayosema "joto la chupa lisizidi nyuzi 30" imempa kitu cha kufanya.

Vivyo hivyo, kabla ya kuibuni istilahi ya chombo kinachohusu nguo, kamba, upepo na kivuli, tuanze kwa mafundi. Fundi wa matanga aliye Kongowea leo anashona maturubai ya malori, na wanaojifunza kazi yake hawajawahi kuona tanga likishonwa. Maneno aliyonipa yako katika matumizi mradi mikono yake iko katika matumizi. Mwenye daftari na aende akaulize, na akiambiwa jina la kitu asiondoke kabla ya kuuliza ni cha nini.